Hesabu na mikono yako

Mwaka jana nilifuma kofia 12 za watoto wachanga kwa kroshia hapa Kibirizi, nikauza kila moja shilingi 3,500. Ziliisha haraka, nikafurahi. Mwanangu alipoomba hela ya madaftari, nikapiga hesabu: ukitoa uzi, nilibaki na 6,000 kwa kazi ya usiku wa miezi miwili.

Siku hiyo niliwatazama kina mama wa dagaa mwaloni. Hakuna anayeuza dagaa wakavu kwa bei aliyowanunulia wabichi mtumbwini. Anahesabu kubeba, kuanika, kugeuza, hata wale walioharibiwa na mvua.

Nami nikahesabu upya. Uzi 3,000. Saa nne za kufuma, kila saa 1,000. Kofia ni 7,000.

Wifi yangu akashangaa: "Si unafuma umekaa tu?"

"Wifi, ya mwanao nakupa zawadi. Ya kuuza ni 7,000."

Wateja wamepungua, siwafichi. Lakini kofia tatu sasa zinaniachia 12,000, na madaftari yamenunuliwa. Mzazi mwenzangu, kabla hujataja bei, jiulize: mikono yangu nimeilipa?