KIBARUA WA MIAKA SITA? HUO NI WIZI!

Ndugu msomaji, tuambizane ukweli bila kuoneana haya. Mtu anaingia getini saa 1 asubuhi, anavaa ovaroli ya kampuni, anasimama kwenye mashine ya kampuni, nyapara yuko mgongoni mwake mpaka jioni, na mambo yamekwenda hivyo miaka sita. Akiugua, anaambiwa yeye ni kibarua. Akiomba likizo, kibarua. Siku akitimuliwa na kudai kiinua mgongo, anaulizwa kwa kejeli: "Kwani wewe uliajiriwa na nani?"

Kibarua gani huyo asiyemaliza kazi miaka sita? Huo ni wizi mtupu uliovikwa kanzu.

Siku hizi janja imeongezwa manjonjo. Neno kibarua limechakaa, kwa hiyo unaitwa "mkandarasi" au "mtoa huduma". Unasainishwa karatasi ya Kiingereza mlangoni, haraka haraka, huku foleni ya wenzako ikikusukuma. Jina limepanda cheo, tumbo limebaki palepale.

Sisemi kila kazi lazima iwe ya kudumu. Mwenye kiwanda akitaka paa lipakwe rangi, ana haki ya kumwita fundi, wakapatana bei, fundi akaja na brashi na ngazi zake, akamaliza, akachukua chake na kwenda zake. Kuchimba kisima, kufunga mashine mpya, hali kadhalika. Kazi hiyo ina mwisho, na fundi ndiye bwana wa saa zake. Hata mimi ninayekuandikia nalipwa kwa habari, si kwa mwezi. Leo nauza hapa, kesho kule, kwa kalamu yangu. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanza pale kazi isipokuwa na mwisho, lakini mfanyaji anapewa mwisho kila jioni. Mkate unaokwa kila siku. Mzigo unapakiwa kila siku. Geti linalindwa kila usiku. Kwa nini kazi iwe ya kudumu na mtu awe wa muda?

Jibu liko mfukoni mwa bosi. Mwajiriwa ana likizo ya siku 28 kwa mwaka, yenye malipo. Akiugua, katika kipindi cha miezi 36 ana siku 63 za mshahara kamili na nyingine 63 za nusu mshahara. NSSF inadai mchango wa asilimia 20 ya mshahara wake, na mwajiri hakwepi angalau nusu ya mchango huo. Akipunguzwa kazini baada ya mwaka mmoja au zaidi, anastahili mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Ukiitwa kibarua, vyote hivyo vinabaki kwa mheshimiwa. Ndiyo maana anakupenda ukiwa kibarua!

Sasa fungua masikio, kwa sababu hili hawataki ulijue. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, imeweka alama saba. Je, kuna anayekuelekeza namna ya kufanya kazi? Saa zako anapanga mwingine? Umekuwa sehemu ya kampuni hiyo? Umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Unamtegemea yeye kwa riziki? Vifaa ni vyake? Unamtumikia yeye peke yake? Ikipatikana alama moja tu kati ya hizo, unahesabiwa mwajiriwa mpaka mwenzio athibitishe vinginevyo. Moja tu! Wewe unazo ngapi?

Lakini sheria hiyo ilitungwa kwa Kiingereza. Nani wa Manzese au Tandika aliwekewa mezani? Maofisa kazi wa serikali wana mamlaka ya kuingia kiwandani na kukagua vitabu. Umewaona lini? Kiwanda kikizinduliwa, waheshimiwa hukata utepe, wakatangaza ajira kwa mbwembwe, wakanywa soda na kuondoka. Hakuna anayeuliza ni ajira au ni ubarua uliopakwa rangi.

Usitegemee huruma. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda hadi bara kwa njia ya reli. Mkoloni hakuongeza mishahara kwa kupenda. Alibanwa.

Wewe nawe jipange. Andika kwenye daftari kila siku uliyofanya kazi, saa uliyoingia, saa uliyotoka na ulicholipwa. Tunza kitambulisho cha geti na ujumbe wa malipo ya simu. Bosi asipokupa mkataba wa maandishi usidhani umekwisha. Shauri likifika mbele ya sheria na yeye hana karatasi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wake. Wanaofukuzwa mwezi wa tano na kurudishwa wa saba, mjue pia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilipoweka miezi 6 ya kupata kinga dhidi ya kufukuzwa ovyo, iliihesabu hata kama imegawanywa katika mikataba kadhaa kwa mwajiri yuleyule.

Ukitimuliwa, una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi haki yao inafia kijiweni, wakibishana mpira hadi siku 30 zinapita. Nenda, tena nendeni kwa kundi, maana mmoja ni rahisi kutishwa.

Na wewe ambaye kesho utafungua gereji yako, usije ukawafanyia wenzako haya haya. Kazi ikiisha, mlipe fundi aende. Kazi isipoisha, mwajiri. Hesabu hii haihitaji digrii.