Ida Hashiki Gurudumu

Jumamosi moja, kwenye ukumbi fulani hapa Eldoret, jamaa mwenye suti ya bluu alituambia sisi vijana tuliojaa humo kwamba shida yetu ni moja tu: mtazamo. Si kazi, si karo, si kodi ya nyumba. Mtazamo. "Badilisha unavyoiona dunia," akasema, "na dunia yenyewe itabadilika." Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu nilikuwa nimelipa mia mbili kuingia na soda ilikuwa bado haijagawiwa.

Usiku huo stima ikapotea kwetu Langas. Mvua ilikuwa inapiga mabati kama mtu anayedai deni. Binamu yangu, yuko kidato cha tatu, akanisukumia simu yake. "Jaribu hii, uache kununa." Mimi gemu ninazozijua ni za mpira, zile za kwenye banda, unalipa kwa mechi na ukifungwa unampisha mwenzako. Hii ilikuwa kitu kingine. Inaitwa Monument Valley, imetengenezwa na kampuni ya ustwo ya London, na ilitoka mwaka 2014. Kuna binti mfalme anaitwa Ida, kavaa nguo nyeupe, hasemi neno. Kazi yako ni kumpitisha kwenye majengo ambayo fundi yeyote wa hapa angekataa kuyajenga. Unagusa mahali, anatembea. Njia ikikatika, anasimama.

Nilikwama mapema sana. Daraja limekatika, Ida amesimama pale, mimi nagusa huku na kule kama anayetafuta netiweki. Binamu yangu akacheka. "Zungusha hiyo gurudumu."

Nikazungusha. Jengo likageuka, na vipande viwili vilivyokuwa mbalimbali vikakutana kwenye kioo. Ida akavuka. Nikasema "Wueh!" peke yangu gizani.

Ujanja wake ni huu. Kwenye picha ya kawaida, kitu kilicho mbali huchorwa kidogo. Humu wamekataa kanuni hiyo: cha mbali na cha karibu vina ukubwa ule ule, kwa hivyo jicho halijui kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Hapo gemu inakuamulia: vikionekana vimegusana, basi vimegusana. Mchoraji Mholanzi M.C. Escher alicheza na macho ya watu hivyo hivyo mwaka 1961, kwenye picha ya maporomoko ambapo maji yanafuata mfereji wao mpaka yanajikuta tena juu, pale pale yalipoangukia.

Ukiishia hapo, jamaa wa suti ya bluu ameshinda. Si ndiyo hiyo? Geuza unavyotazama, njia inafunguka. Lakini mimi nilicheza mpaka mwisho, ni sura kumi tu, na nikaanza kuangalia nani anafanya nini.

Ida hazungushi gurudumu. Hata mara moja. Yeye anatembea, na hapa na pale anakanyaga kitufe sakafuni. Anayezungusha ni mimi niliye nje, kwa kidole changu. Ida akisimama mbele ya pengo anaweza kubadilisha mtazamo mpaka shingo imuume, pengo litabaki pengo. Tena kuna mahali akiwa juu ya kile kipande kinachozunguka, gurudumu linarudisha mikono yake ndani na hulisogezi tena. Na kabla ya kidole changu, kuna watu walioketi London wakapanga vipande hivyo viweze kukutana. Pasipopangiwa njia, uzungushe usizungushe, hapapitiki.

Sasa najua mtaniletea Kipchoge. Hapa kwetu hakuna mhamasishaji asiye na picha ya Kipchoge. Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, marathoni kwa saa 1:59:40. Binadamu hana mipaka, yote ni kichwa! Heshima kwake kabisa. Miguu ni yake, mapafu ni yake, asubuhi za baridi za Kaptagat ni zake. Lakini itazameni ile video tena. Kuna wakimbiaji 41 waliopokezana kumwekea kasi na kumkinga upepo. Kuna gari mbele likichora mistari ya mwanga barabarani, ajue akae wapi. Barabara yenyewe ilichaguliwa kwa sababu ni tambarare. Ndiyo maana haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi ya dunia. Hayo hayampunguzii kitu. Yanatuambia kwamba mtu mwenye kichwa kigumu kuliko vyetu vyote alihitaji watu wa kumzungushia gurudumu. Na waliotaka afaulu hawakumtumia ujumbe wa kumtia moyo. Walimletea watu 41.

Mimi nilitoka chuo mwaka wa tatu. Salio la karo lilikuwa shilingi 38,500, na ukiwa na deni hupati kadi ya mtihani. Mathe alikuwa ameshauza ng'ombe mmoja. Wa pili hakuwepo. Karani wa dirishani hakuwa mtu mbaya. Aliniangalia kwa huruma, akasema, "Jipe moyo, kijana wangu. Usiwe na mtazamo wa kushindwa." Nilikuwa na mtazamo mzuri ajabu. Niliupeleka dirisha la pili, nao wakasema hawaupokei.

Mwaka uliofuata nikaanza kuandika mtandaoni. Mnaijua hiyo kazi, na wengine wenu mnaifanya sasa hivi na tabo hii mmeifungua kupumzika: insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza ambao hawataki kuziandika. Sijivunii. Niliwahi kumwandikia mtu maneno 1,500 juu ya nguvu ya mtazamo katika mafanikio ya masomo. Alipata A. Mimi nikapata pesa ya kodi na unga. Kichwa kilichopata hiyo A ni kile kile kilichozuiwa mlangoni pa chumba cha mtihani. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kulikuwa na mtu aliyelipiwa karo.

Sisemi mtazamo hauna maana. Kuna siku kweli unakwama kwa sababu unaangalia vibaya, na mtu akikwambia "zungusha" amekuokoa. Lakini binamu yangu hakuniambia niamini. Alinionyesha gurudumu liko wapi. Wahamasishaji wetu wanachukua mia mbili, wanaruka gurudumu, halafu wanamlaumu Ida kwa kusimama. Kibaya zaidi, Ida anarudi nyumbani akijilaumu. Nawajua wenzangu watatu waliotoka chuo kama mimi, na wote bado wanatafuta kosa lao lilikuwa wapi.

Kwa hivyo, kaka wa suti ya bluu, karibu tena Eldoret. Ila ukija, tuambie nani anapanga karo. Tuambie basari zinagawiwa vipi, kikao kinakaa lini na sisi tunaingilia mlango gani. Tuambie nani ameshika gurudumu, na tukiwa wengi tunalifikiaje. Kwa hayo nitalipa hata mia tano, na soda nitajinunulia.

Mji wetu uliitwa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Asubuhi baada ya ile mvua nilitoka nyumbani nikiwa mkazi kamili wa jiji, nikakuta mtaro wa mbele ya ploti umefurika na njia haipo. Nikasimama kama Ida. Niliutazama kutoka kushoto, nikautazama kutoka kulia.

Mama mboga wa jirani akatoka akiburuta ubao mrefu.

"Wewe kijana, unaangalia nini? Shika huku."