Tageti ya duka haitoshi kumpima muuzaji

Mtoto wa dada yangu alipata kazi ya kuuza manukato hapa Maskati, duka moja la ndani ya moli. Akapewa miezi mitatu ya majaribio, nayo ikaangukia Julai, Agosti na Septemba. Mnaoishi huku mnajua miezi hiyo ilivyo. Idi zote mbili zimeshapita, skuli zimefungwa, wenye uwezo wamesafiri na wengine wako Salala kwenye kharif. Duka linabaki na baridi ya ACi tu.

Mwisho wa Septemba akaitwa na kuambiwa hakufikisha tageti hata mwezi mmoja. Jioni alikuja kwangu, akakaa barazani kimya, halafu akasema: "Mjomba, mimi kuuza siwezi. Sikujaaliwa."

Nikamuuliza: "Siku ya kwanza ulikuwa hujui nini, na leo unajua nini?" Hakuwa na jibu. Na mimi, niliyesimama nyuma ya kaunta miaka kumi na minane, sikuwahi kumuuliza swali hilo miezi yote mitatu. Kila nikimpigia simu nilikuwa nauliza, "Umeuza kiasi gani?"

Tageti ni hesabu ya duka. Ina msimu ndani yake, ina bei alizopanga mwenye mali, ina hata upande duka lilipo. Siikatai, manake mshahara wangu na kamisheni yangu vinatoka humo. Lakini tageti haimwambii muuzaji anakosea wapi. Kwa hilo anahitaji malengo yake mwenyewe, ya ujuzi, na ayapime.

Mimi nilichelewa kulijua. Mwaka wangu wa tano kazini nilikuwa na msimamizi, mama mmoja mtu mzima, aliyenipa daftari na kunambia niandike mambo matatu kila siku: wateja niliozungumza nao, walionunua, na neno la mwisho la kila aliyeondoka mikono mitupu. Wiki ya kwanza nilizungumza na watu 60, wakanunua 9. Walioondoka, wengi wao walisema "ghali". Nikaona basi, tatizo ni bei.

Siku moja yule mama akasimama pembeni akanisikiliza. Akasema: "Mwanangu, wewe unataja bei kabla mtu hajanusa."

Basi lengo langu likawa hilo moja. Kila mteja nimuulize kwanza maswali mawili: ni yako au ya zawadi, na nyumbani mnapenda kufukiza nini? Kisha anuse, ndipo nitaje bei. Kila nilipofuata mpango huo niliweka alama daftarini, na nilipousahau niliandika pia. Baada ya miezi mitatu, katika watu 60 walinunua 15. Kutoka asilimia 15 hadi asilimia 25. Katika miezi hiyo tageti ya duka niliifikia mara moja tu, lakini nililala usingizi, kwa sababu nilijua naenda mbele.

Lengo la pili lilikuwa bidhaa. Nilikuwa nauza ubani wa Dhofar, na mteja akiniuliza kwa nini hojari ya kijani ina bei kubwa kuliko ule mwekundu, nababaika. "Niijue bidhaa vizuri" si lengo, huwezi kulipima. Nikajiwekea hivi: ndani ya wiki mbili niweze kutambua daraja nne za ubani, mwenzangu akizipanga sahanini mimi nimegeuka. Mara ya kwanza nilipatia mbili. Nilipopatia zote nne mara tatu mfululizo, nikahamia kwenye mafuta ya udi.

Hesabu nayo ina udanganyifu wake. Ukijipangia kuzungumza na watu 20 kwa siku, siku ya duka tupu utaanza kuhesabu hata uliowapa salamu. Kwa hiyo tafuta mtu wa kukusikiliza walau mara moja kwa wiki, na usibebe malengo zaidi ya mawili kwa wakati mmoja.

Kwa wenye maduka nina neno moja. Mgeni ukimpima kwa pesa peke yake katika miezi mitatu ya joto, umepima joto. Mwezi wa kwanza mpime anavyoijua mali, wa pili anavyozungumza na mteja, wa tatu ndio umuulize pesa. Asipojifunza, mwachishe, na hapo hutamdhulumu. Waliosema biashara haigombi walikuwa wanajua kwamba mdomo wa muuzaji nao ni mtaji, na mtaji haukuzwi kwa siku moja.

Sisi wazee nasi tupunguze lile swali la "umeuza kiasi gani". Kijana anayeulizwa hilo tu, mwezi ukiwa mbaya hujiona yeye ndiye mbaya.

Jumapili mpwa wangu anaanza kwenye duka jingine, Matrah. Nimempa daftari. Dada yangu ananiuliza kama safari hii watambakiza, na hilo siwezi kumuahidi. Nilichomwambia kijana ni kwamba mwisho wa mwezi nitamuuliza lile swali langu la barazani, na jibu nataka alisome kutoka kwenye kurasa zake.