Jumamosi ya Usafi, Tutoke Nyumba Nzima

Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Ziwa Victoria karibu na kisiwa cha Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, waliowahi kufika ni wavuvi na wakazi wa kisiwa hicho, na mitumbwi yao. Watu zaidi ya 220 walikufa siku ile, na wapo waliotolewa majini wakiwa hai kwa mikono ya watu hao. Ndege ya abiria ilipotumbukia ziwani Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi walitangulia tena.

Kwa hiyo siikubali kauli inayorudiwa mjini Mwanza kwamba watu wa kanda hii wamepoteza moyo wa kusaidiana. Moyo upo. Hauonekani siku ambazo hakuna msiba, na sababu yake naiona majumbani mwetu: kujitolea tumekugeuza kazi ya kutumwa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya usafi, baba yuko ndani anasubiri maduka yafunguliwe, mama yuko jikoni, na anayefagia nje ni dada wa kazi. Watoto wamekwisha kufagia shuleni katikati ya wiki, mara nyingine kwa adhabu. Wamejifunza nini? Kwamba kazi ya umma ni ya mdogo au ya mkosaji.

Wazee wetu Usukumani hawakulea hivyo. Shamba la jirani lililimwa na kundi, ngoma ikipigwa, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Ngoma ya bugobogobo tunayowachezea wageni leo ilitoka huko shambani. Mtoto hakuhubiriwa ushirikiano. Alibeba maji, akamwona baba yake anatoka jasho kwenye shamba lisilo lake.

Majirani zetu Rwanda wana umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na sheria inamtaka mtu wa miaka 18 hadi 65 ashiriki. Nauheshimu. Ila ningependa sisi tuanze mapema zaidi, tangu utotoni, na tuanze bila faini.

Kazi iko mlangoni. Igogo na Mabatini, hapa Mwanza, nyumba zimepanda mlima katikati ya mawe, na nyingi gari la taka haliwezi kuzifikia. Mvua ikinyesha, mifuko na chupa hushuka na mitaro na Mto Mirongo hadi ziwani, katika maji yaleyale tunayokunywa na tunamovua sato na dagaa. Wapo watakaosema wanalipa ada ya taka, halmashauri ifanye kazi yake. Ni kweli, na idaiwe. Lakini taka iliyorundikana nyuma ya nyumba ya bibi mgonjwa kule juu, baba, mama na watoto wawili wenye viroba wanaweza kuishusha kabla ya chai. Na wakiishusha, bibi amepata wageni.

Hapa nitoe tahadhari, maana nia njema inaweza kumuumiza mtoto. Msiwapeleke watoto ziwani kung'oa gugumaji. Konokono wanaobeba kichocho hukaa kwenye mimea hiyo, na nyoka nao hujificha humo. Mtoto abaki nchi kavu, avae viatu na glavu, aokote chupa na vipande vya nyavu mchangani. Vioo na sindano viachiwe mtu mzima. Kazi ya majini ni ya wenye mitumbwi, buti na mashine.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya familia na mtaa wake. Msomaji, Ijumaa ya kuamkia Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, mkiwa mnakula chakula cha usiku, chagueni mtaro mmoja au jirani mmoja. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa. Asubuhi tokeni wote, baba akitangulia na fagio lake, na dada wa kazi aachwe achague mwenyewe: kuja nanyi au kupumzika.