Tusiwapangie Wahadzabe Kabla ya Kuwauliza

Kando ya Ziwa Eyasi wanaishi ndugu zetu Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na mia chache tu. Baadhi yao mpaka leo hula kwa upinde, kwa kurina asali, kwa kuchimba mizizi na kuchuma matunda ya porini. Nchi yao imegawanyika katika wilaya nne: Mbulu, Karatu, Mkalama na Meatu. Katika kila wilaya wao ni wachache mno, na kwa kuwa kila halmashauri hupanga bajeti yake peke yake, mahitaji yao hupotea mara nne. Jambo hili latupasa sote tulifikiri, hasa wale ambao kazi yao ni kupanga zahanati, shule na visima.

Historia imekwisha kutupa somo lenye uchungu. Katika miaka ya 1964 na 1965 Serikali iliwahamishia Wahadzabe wengi Yaeda Chini, ili wapate nyumba, shule, dawa na mashamba. Nia ilikuwa kuwainua. Lakini watu waliozoea kukaa katika kambi ndogo za watu kama 30, wakihama kwa kadiri ya maji na chakula, waliwekwa wengi mahali pamoja. Maradhi yakawaingia, wengi wakafa, na wengi wa waliosalia wakarudi porini. Waliopanga walijua hesabu ya nyumba. Hawakujua maisha ya wale watakaolala ndani yake. Wahenga walisema kweli: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Twajua jibu litakalotolewa, kwamba siku hizi wananchi huulizwa. Ni kweli kuwa mkutano mkuu wa kijiji, kwa Sheria Na. 7 ya 1982, ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Lakini haki ya kuingia mkutanoni si sawa na kusikilizwa. Mkutano ukiitwa wakati kambi imehamia kwenye asali, nani atakuja? Ukiendeshwa kwa Kiswahili cha ofisini, bibi aliyezoea Kihadzabe atasema nini mbele ya majirani wafugaji na wakulima wanaomzidi kwa wingi? Na afisa akitaka kuonana na chifu wao, atarudi na maneno ya mtu mmoja tu, maana Wahadzabe hawana chifu. Kila mtu mzima hujisemea mwenyewe.

Kwa hiyo kuchunguza mahitaji ya watu wa namna hii ni kazi yenyewe, wala si desturi ya kujaza fomu. Afisa hana budi kwenda kambini, masika na kiangazi, akifuatana na mkalimani ambaye wenyewe wamemridhia. Wanawake wasikilizwe peke yao, kwa sababu wao ndio wachimbao mizizi na kulea watoto. Aulize mambo ya maisha: Mwezi wa Oktoba maji yako umbali gani? Mama akishikwa na uchungu usiku, hupitia njia ipi? Mtoto aingiapo darasa la kwanza, huelewa kiasi gani cha maneno ya mwalimu? Yule aliyepelekwa bwenini akatoroka, alikimbia nini? Kisha majibu yarudishwe kwa wenyewe wayathibitishe, kabla ya kufika mezani kwa madiwani.

Wako watakaosema kuwa huku ni kurudisha ukabila, nasi tangu sensa ya 1967 tumeacha kumwuliza mtu kabila lake. Hofu hiyo ina heshima yake, maana umoja wa taifa hili ulijengwa kwa jasho. Lakini ukabila ni kumpa mtu au kumnyima kwa sababu ya kabila lake. Kuuliza kwa nini zahanati iliyopo haimfai ni jambo jingine kabisa. Katiba yetu yenyewe, katika Ibara ya 13 inayokataza ubaguzi, haikuizuia Serikali kuchukua hatua za makusudi ili kurekebisha matatizo katika jamii.

Tena, kuuliza kumekwisha kuzaa matunda. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000 za ardhi. Mambo ya mipaka na matumizi ya ardhi hiyo yalijadiliwa na wao wenyewe pamoja na majirani zao wafugaji. Hapo ndipo sheria ya ardhi iliwafikia watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakisukumwa tu na ng'ombe na majembe ya wengine.

Basi twasema hivi. Halmashauri nne zikae meza moja, zifanye uchunguzi mmoja, na zitenge fedha ya safari na ya wakalimani kama zinavyotenga fedha ya saruji na mabati. Nawe ndugu mwanachama, nawe ndugu mfanyakazi, uletewapo mpango wa shule au kisima kwa ajili ya watu wasiokuwamo mkutanoni, uliza: hao waliulizwa lini, wapi, na kwa lugha gani? Pasipokuwa na jibu, mpango na urudi ulikotoka mpaka watu hao wasikilizwe.