WA MIAKA 4, WA MIAKA 9 NA WA MIAKA 15: NIMPELEKE HALLOWEEN IPI?



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, wiki hii dada yetu mmoja anayeishi Ohio, Marekani, ameniletea swali. Simtaji, nanyi msimtafute. Ana watoto watatu: wa miaka 4, wa miaka 9 na wa miaka 15. Anasema mwezi wa kumi ukiingia, kila bustani ya michezo ina tamasha la Halloween. Kuna la mchana la watoto wadogo, kuna la usiku la kutisha. Wenzake kazini, na baadhi yao ni Waislamu, wamemwambia aangalie umri tu: mdogo apelekwe la mchana, mkubwa la usiku. Anauliza, mgawanyo huo uko sawa?

Nimelijibu swali lake faraghani. Lakini najua mnaosoma hapa wengi mko Columbus, Minneapolis, Toronto, London na Leicester, na swali hili liko katika nyumba zenu. Basi tulizungumze hadharani. Soma mpaka mwisho, kwa sababu nusu ya kwanza utaipenda wewe unayekataza, na nusu ya pili huenda usiipende.

*TUJUE KWANZA TUNAZUNGUMZIA NINI*

Asije mtu akasema Sheikh anaongea asichokijua. Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba. Jina lake linatokana na mkesha wa siku ya Watakatifu Wote ya Wakristo, ambayo ni tarehe 1 Novemba. Na wanahistoria wengi wanaihusisha na sikukuu ya kale ya Waselti wa Ireland iliyoitwa Samhain, ambapo watu waliamini kuwa usiku ule roho za wafu hutembea. Wahamiaji wa Ireland waliingia nayo Marekani katika karne ya 19, kisha wafanyabiashara wakaikuza.

Na wameikuza kweli. Knott's Berry Farm ya California ilianza usiku wake wa vitisho mwaka 1973. Universal ya Orlando ilianza wake mwaka 1991. Hapo hapo Ohio, Cedar Point, ukingoni mwa Ziwa Erie, ina HalloWeekends tangu 1997. Uingereza, Thorpe Park na Alton Towers nazo zina za kwao. Kazi hupangwa namna hii: mchana ni maboga, pipi na mavazi ya kuigiza kwa watoto wadogo. Jua likizama hufunguliwa majumba ya vitisho, moshi unamwagwa, na waigizaji wanaolipwa wanatoka gizani wakiwa na damu bandia usoni ili wakushtue.

Wao wenyewe hutoa tahadhari. Usiku wa Universal hawaushauri kwa mtoto aliye chini ya miaka 13. Disney wao wana sherehe yao ya jioni kule Florida ambayo jina lake lenyewe linakuambia kuwa haitishi sana, nayo siku hizi huanza tangu mwezi wa Agosti. Yaani kila umri umeshawekewa sahani yake mezani. Hakuna mtoto aliyesahauliwa.

Sasa tazama, ewe mzazi. Ule umri ulioandikwa kwenye tiketi unapima kitu kimoja tu: mtoto huyu ataweza kustahimili hofu kiasi gani? Ataota ndoto mbaya au hataota? Hilo ni swali zuri, lakini ni swali la mwenye bustani. Swali lako wewe ni jingine. Mwanangu akitoka hapa, moyo wake utakuwa umezoea nini? Atakuwa anaihesabu siku gani kuwa ni sikukuu yake?

Twende mtoto mmoja mmoja.

*WA MIAKA 4*

Watu wanasema huyu ndiye asiye na tatizo, kwa sababu la mchana halitishi. Mimi nasema huyu ndiye wa kuangaliwa kwanza, kwa sababu hiyo hiyo. Kinachotisha mtoto hukikimbia. Kitamu hukipenda. Ukimvika vazi, ukampa ndoo ya pipi, ukampiga picha na wanasesere anaowajua, ukarudia mwaka ujao na mwaka wa tatu, umemfundisha sikukuu. Hukumwambia neno hata moja la dini, lakini umemfundisha. Mtoto wa miaka 4 hafahamu dalili wala fatwa. Anafahamu siku ambayo baba na mama walikuwa na furaha pamoja naye.

*WA MIAKA 9*

Huyu hataki pipi, anataka wenzake. Darasa zima linazungumza habari za wikiendi, naye hana la kusema. Usimdharau. Maumivu yake ni ya kweli. Lakini pima: leo anajifunza kusema "sisi kwetu hatufanyi" katika jambo dogo la maboga. Asipojifunza leo, atajifunza lini? Atakapoalikwa kwenye pombe akiwa na miaka 19? Ulimi wa kukataa kwa adabu hufunzwa udogoni. Samaki mkunje angali mbichi.

*WA MIAKA 15*

Huyu umri wake unaruhusiwa katika ule usiku wa vitisho. Sawa, lakini sheria yetu inasemaje? Abu Dawud amepokea kuwa maswahaba walikuwa safarini, mmoja akalala, mwingine akaichukua kamba aliyokuwa nayo, yule akaamka akashtuka. Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Kamba tu, ndugu zangu! Na ilikuwa mzaha. Sisi tunalipia mtoto wetu atishwe kwa msumeno na maiti bandia, kisha tunaita burudani.

Na wakati wenyewe ni upi? Bukhari na Muslim wamepokea kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) ameamrisha usiku unapoingia watoto wazuiwe wasitoke, kwa kuwa mashetani huenea wakati huo. Wao wanafungua milango jua linapozama, sisi tumeamrishwa kuifunga jua linapozama. Na Magharibi inaswaliwa wapi pale, kati ya jumba la tatu na la nne?

*SHUBHA NA MAJIBU YAKE*

"Sheikh, ni mchezo tu, hakuna anayeabudu." Mtu mmoja alikuja kwa Mtume (s.a.w.) akasema ameweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Mtume akamuuliza mambo mawili: je, palikuwa na sanamu lililoabudiwa pale? Je, palikuwa na sikukuu yao mojawapo pale? Alipoambiwa hapana kwa yote mawili, akamruhusu atimize nadhiri yake. Zingatia: sikukuu ameiuliza peke yake, mbali na sanamu. Sikukuu ni alama ya umma hata kama hakuna anayesujudu.

"Mbona hata Riyadh wamevaa?" Ndiyo, mwaka 2022 picha za vijana wa Riyadh waliovaa mavazi ya kutisha zilienea dunia nzima. Je, tangu lini picha ya simu ikawa dalili ya sheria? Dini hatukuichukua kwa vijana wa Riyadh, wa Dar wala wa Mombasa.

"Mbona bibi zetu walitusimulia zimwi?" Walitusimulia. Lakini bibi alikuwa kakupakata, hadithi ikaisha na funzo, na hakuna aliyelifanyia zimwi sikukuu ya kila mwaka. Na bibi aliyezidisha vitisho naye alikosea.

"Basi bustani zenyewe ni haramu?" La. Bembea haina dini. Mpeleke mwanao mwezi wa Julai, apande kila kinachozunguka, mkichunga swala na stara. Tunachokataa ni tiketi ya ile sikukuu.

*SASA NUSU YA PILI*

Wewe uliyekuwa unatikisa kichwa ukisema "kweli kabisa Sheikh", nakugeukia wewe. Umemkataza mwanao Halloween. Vizuri. Umempa nini?

Anas (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza. Hakusema "acheni" kisha akaondoka. Aliwaambia kuwa Allah amewabadilishia siku mbili zilizo bora kuliko hizo: Idul-Adh'ha na Idul-Fitr. *Amewabadilishia.* Kilichoondolewa kimewekewa badala yake, na badala yenyewe ni bora. Na katika siku ya Idi, Mahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bi Aisha (r.a.) naye akitazama mpaka akatosheka mwenyewe. Na katika funga ya Ashura maswahaba walikuwa wakiwafungisha watoto wao, mtoto akililia chakula wanampa mwanasesere wa sufi walioutengeneza kwa mikono yao. Hawakumwambia "nyamaza, hii ni dini". Walikaa chini wakatengeneza mwanasesere.

Na wewe? Idi yako Ohio ni ipi? Swala saa mbili asubuhi, kumbatio tatu, pilau ndani ya sahani ya plastiki, kisha baba zamu ya kazi, watoto shule. Jioni kila mtu na simu yake. Halafu unashangaa mtoto anahesabu siku za kufikia tarehe 31 Oktoba na hajui mwezi wa Shawwal unaingia lini.

Wewe uliyekulia Unguja, umesahau? Idi Mosi, Idi Pili, Idi Tatu, Idi Nne. Nguo mpya zinazonuka duka. Unapita nyumba kwa nyumba kwa mashangazi na wajomba, kila nyumba unapewa mkono wa Idi. Kisha Mnazi Mmoja na Kariakoo: bembea, ubuyu, vidude vya kuchezea, taa mpaka usiku. Mavazi, mlango kwa mlango, zawadi, uwanja wa michezo. Vyote hivyo tulikuwa navyo katika sikukuu yetu! Leo unatafuta Halloween ya kumkatia mwanao tiketi, na kile alichokosa ni kile ulichopewa wewe ukakiacha bandarini.

Sisemi haya kwa kujitoa. Mwaka mmoja nilialikwa mji mwingine kutoa mawaidha ya Idi, nikaenda, nikazungumza habari za kuwafurahisha watoto, watu wakalia. Niliporudi usiku nilimkuta binti yangu wa miaka 6 amelala na nguo yake mpya. Mama yake akaniambia amekataa kuivua kwa kuwa baba hajaiona. Wallahi sikulala usiku ule. Tangu hapo siku ya Idi Mosi sitoki mjini.

*BASI FANYA HIVI*

Wa miaka 4: mhesabie siku za kuelekea Idi. Mshonee nguo, mpe ndoo ile ile, lakini aizungushe nyumba za Waislamu wenzako. Kubalianeni familia tano, sita, mlango kwa mlango.

Wa miaka 9: kila mwaka iandikie shule yake mapema kuomba ruhusa ya siku ya Idi. Mtume na zawadi awapelekee wenzake darasani siku ya pili yake. Na yeye awe na la kusimulia.

Wa miaka 15: usimkataze kwa kelele. Kaa naye, mweleze kama nilivyokueleza, msikilize. Kisha mpe kazi: yeye na vijana wenzake wapange mchezo wa Idi wa watoto wadogo, pesa mtoe nyinyi. Ile pesa ya tiketi za Oktoba iwekwe kando kwa jina la Idi, na muda wako uwekwe kando vilevile, kwani muda ndio anaoutaka.

Na jirani asiye Muislamu akigonga mlango na watoto wake usiku ule, usimtukane wala usimzomee. Ana dini yake, nawe una dini yako, na ujirani una haki zake.

Allah Mtukufu ametuamrisha katika Surat At-Tahrim tujiokoe nafsi zetu na watu wetu na Moto. Kumwokoa mtoto ni kumshika mkono kumtoa mahali, na kumfikisha mahali. Anayemtoa bila kumfikisha popote amemwacha barabarani.

Ewe Allah, tuhifadhie watoto wetu walio ugenini na walio nyumbani. Wapendezeshee imani katika nyoyo zao. Tusamehe kwa kila Idi tuliyowapotezea, na utupe umri wa kuwalipa. Aamin.

Mtumie mzazi mwenzako ujumbe huu kabla ya tarehe 31. Kisha mtumie tena wiki moja kabla ya Idi.

Wabillahi tawfiq.