Asilimia Mia ya Maabara Haimfanyi Mtu Fundi

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa vijana wanaosomea usalama wa mitandao: kwamba ukishamaliza maabara zote za kitabu cha mazoezi, umeiva, kilichobaki ni kulipia mtihani na kuchukua cheti. Wenye imani hii hujiona bora kuliko wale wanaokariri majibu ya mitihani yaliyovuja. "Mimi sikariri," kijana atakwambia, "mimi nafanya kwa vitendo." Nasema waziwazi: sehemu kubwa ya hivyo vinavyoitwa vitendo ni kukariri kulekule, ila safari hii kwa vidole badala ya ulimi.

Tazama maabara hizo zinavyoandikwa. Kwanza mchoro: ruta tatu, swichi mbili, kompyuta kadhaa. Chini yake jedwali la anwani za IP. Kisha hatua ya kwanza, andika amri hii. Hatua ya pili, andika ile. Katika Packet Tracer, programu ya Cisco wanayoitumia wanafunzi wa Networking Academy, mazoezi mengi yana hata kipimo cha kukuonyesha umekamilisha asilimia ngapi. Mwanafunzi anaandika mstari, anatupia jicho kipimo, anaona kimepanda, anaendelea. Kikifika mia anapiga picha ya skrini na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Mwulize mstari uliompandisha ulikuwa na kazi gani, atarudi kitabuni kutafuta. Kipimo hakina habari na alichoelewa. Kinalinganisha tu alichoandika na jibu ambalo mtunzi wa zoezi aliliweka.

Chukua VPN ya IPsec kati ya ofisi mbili, somo lisilokosekana katika kozi hizi. Kitabuni ufunguo wa siri ni uleule pande zote, algoriti zinafanana, na handaki linafunguka mara moja. Kazini, ruta hiyohiyo inafanya pia NAT ya kwenda intaneti, na ruta za Cisco hubadilisha anwani ya pakiti inayotoka kabla ya kukagua kama inapaswa kusimbwa. Ukisahau kuyatoa mawasiliano ya tawi kwenye NAT, pakiti inafika kwenye ukaguzi ikiwa na anwani nyingine, hailingani na orodha ya mawasiliano yanayopaswa kusimbwa, inapita nje ya handaki. Hakuna ujumbe wa kosa. Kila mstari wa VPN uko sahihi, na tawi haliioni seva ya ofisi kuu. Aliyelelewa na kitabu atafuta kila kitu na kuanza tena hatua ya kwanza. Fundi atauliza: pakiti imefika wapi? Imebadilishwa nini njiani? Mazungumzo ya IPsec yameanza hata awamu ya kwanza?

Au chukua kinga ya DHCP kwenye swichi, ile inayozuia mtu kuchomeka kifaa chake na kuanza kugawa anwani za uongo. Kitabu kinakuamuru uiwashe na kinakupongeza. Ofisini umeiwasha, ukasahau kuiambia swichi ni mlango upi unaoelekea kwenye seva halali, na asubuhi hakuna kompyuta inayopata anwani. Kinga yenyewe ndiyo imeiangusha ofisi. Nani atakuonyesha hatua inayofuata hapo?

Wanaotunga mitihani mikubwa wanalijua hili. Toleo la tano la mtihani wa vitendo wa CCIE, cheti cha juu cha Cisco, upande wa Routing and Switching, lililoanza 2014, lilitenga saa mbili za kutafuta hitilafu katika mtandao ambao tayari umeharibiwa. CCIE ya usalama leo ni saa nane, na tatu za mwanzo ni za usanifu, kufikiri kabla ya kugusa kibodi. Mtihani wa OSCP, cheti cha majaribio ya udukuzi, humpa mtahiniwa saa 23 na dakika 45 mbele ya mashine ambazo hakuna aliyemwandikia hatua zake. Kipimo cha asilimia hakisaidii kitu huko.

Na anayelipia ujinga huu si mtahiniwa peke yake. Mwaka 2017 wavamizi walikaa ndani ya mifumo ya Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, kwa takriban siku 76, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Kampuni ilikuwa na kifaa cha kukagua mawasiliano yaliyosimbwa. Kilikuwepo, kimefungwa, kimesanidiwa. Lakini cheti chake cha kidijitali kilikuwa kimeisha muda, hivyo mawasiliano yalipita bila kukaguliwa. Walipobadilisha cheti hicho mwishoni mwa Julai ndipo wakaona mawasiliano ya kutia shaka. Katika maabara ya kitabu, kifaa kile kingepata mia kwa mia. Kufunga kinga ni kazi nusu; nusu ya pili ni kuthibitisha kila mara kwamba bado inakinga.

Najua utetezi: anayeanza lazima ashikwe mkono. Kweli, ashikwe. Lakini abiria aliyepanda daladala ya njia ileile miaka kumi hajawa dereva. Mara ya kwanza fuata hatua. Mara ya pili funga kitabu ujenge mwenyewe. Mara ya tatu mpe mwenzako auharibu mtandao wako kwa siri, nawe uutengeneze. Hilo la tatu ndilo vitabu vingi vinaliacha, kwa sababu ni rahisi kumuuzia mtu ushindi kuliko kumuuzia usumbufu.

Wala tusijifiche nyuma ya umaskini wa vifaa. GNS3, VirtualBox na pfSense toleo la jamii hupatikana bure, na Wireshark, iliyoanza mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, itakuonyesha pakiti moja baada ya nyingine kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Kinachokosekana ni uvumilivu wa kukaa na kitu kilichoharibika. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika fani hii, mara nyingi ndiyo mwanzo wake.

Kwa hiyo walimu, ondoeni majibu kwenye nusu ya maabara zenu na ingizeni makosa kwenye nusu nyingine. Waajiri, acheni kuhesabu vyeti kwenye usaili; mpeni mwombaji kazi mtandao mbovu na saa moja, kisha msikilizeni anavyofikiri. Nawe unayejiandaa na mtihani, leo usianze maabara mpya. Rudi kwenye ile uliyopata mia, badilisha ufunguo upande mmoja, futa mstari mmoja wa ruhusa, kisha uandike kwa maneno yako nini kimekufa na kwa nini. Ukishindwa kueleza, ile mia haikuwa yako. Ilikuwa ya mtunzi wa kitabu.